Alichosema Babu Hasa

Ashlow, Shropshire
Alhamisi, 11 Novemba 1926

Shangazi Lettice,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Sijamwambia Bi Tudge wa jikoni, wala Mungu mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, ingawa Yeye nadhani analijua. Babu hakukataa. Tangu Machi hadi Septemba Babu hakukataa hata mara moja. Aliyekataa ni mimi, nikakutumia kukataa kwangu kwa jina lake, kwa posta, pamoja na salamu.

Unajua nilivyo na haya. Krismasi iliyopita ulimuuliza Bi Tudge, nami nimesimama pale pale na sinia la viazi, kama mtoto huyu ni bubu. Bi Tudge akasema, "Si bubu, mama, anahifadhi." Sikujua wakati ule nahifadhi nini.

Nimezipanga barua zetu zote hapa, zako na nakala za zangu. Chini ya kila barua yangu nimeandika kile ambacho Babu alisema hasa siku ile, nikikitoa kwenye Kiwelisi bila kuongeza wala kupunguza. Zisome kwa mpangilio. Usirukie mwisho, ingawa najua utarukia.

*

Cheltenham
2 Machi 1926

Angharad,

Natumaini kifua chako kimepoa na kwamba unavaa soksi za sufu nilizokuletea, si kuzificha. Sisi hatujambo. Gerald amelala na jongo la mguu na analalamika nyumba nzima isikie. Binamu yako Rosamund amepata mchumba, kijana wa benki. Hana kidevu, lakini ana adabu.

Daktari ameniandikia habari za Baba. Anasema kiharusi kimemfutia Kiingereza chote kama mtu anayefuta ubao, na kilichobaki ni Kiwelisi alichofunzwa na yaya wake kabla hajajua kufunga viatu. Mtu aliyekaa kiti cha hakimu miaka ishirini! Na katika nyumba nzima anayemwelewa ni wewe peke yako, kwa sababu mama yako, na baada yake bibi yako, walikulea katika lugha hiyo huko milimani mpaka ulipokuwa na miaka kumi. Basi. Mungu ana mizaha yake.

Kazi yako ni hii. Yuko Mmarekani, Bwana Pruitt, anayetaka kuinunua Ashlow. Mashamba hayataki. Anataka nyumba. Mafundi wake wataifungua boriti kwa boriti, wataifunga kwa majani makavu, wataipakia melini na kuisimamisha upya kwao Connecticut. Hati iko kwa jina la Baba, na wakili hatachovya kalamu bila neno lake. Muulize. Uniandikie jibu lake kama lilivyo, usilitie chumvi.

Lettice Thursby

*

Ashlow
9 Machi 1926

Kwako Shangazi,

Salamu nyingi kutoka hapa. Kifua changu kimepoa. Babu anakula uji na yai laini, na jana alikaa kitini saa nzima. Bi Tudge anakusalimu, ingawa hakusema hivyo. Mpe Rosamund hongera, na pole kwa ile habari ya kidevu.

Nilimsomea Babu barua yako kwa Kiwelisi. Jibu lake ni hapana. Amesema Ashlow imesimama hapa tangu enzi za Malkia Elizabeth na haijawahi kumwomba mtu nauli. Amesema anayetaka nyumba ya mialoni na apande mialoni, asubiri miaka mia tatu kama sisi.

Mimi niliyeandika kwa niaba yake,
Angharad Corfield

Alichosema Babu hasa: Alitazama dari kitambo. Kisha akasema, "Anaitaka kweli? Maskini. Mwambie Lettice aiuze upesi, kabla hawajaikagua miguu." Sikuelewa miguu gani. Neno "aiuze" nililielewa vizuri.

*

Cheltenham
20 Machi 1926

Angharad,

Barua yako imefika. Gerald anaweza kuvaa kiatu kimoja sasa. Rosamund ameambiwa salamu zako na hajacheka.

Nimekuwa binti wa baba yangu kwa miaka arobaini na minane, na katika miaka hiyo sijamsikia akitoa methali hata moja. "Na apande mialoni"! Hiyo si sauti ya hakimu Ambrose Corfield. Hiyo ni sauti ya mtoto aliyesoma vitabu vingi na kucheza na wenzake kidogo. Muulize tena. Mwambie mvua inaingia chumba cha mashariki, mwambie Bi Tudge ana miaka sabini na anapanda ngazi kwa makalio, mwambie nyumba ile ni jeneza lililopakwa rangi nyeupe na nyeusi. Mwambie nimesema hivyo mimi.

Mwezi ujao atakuja Fundi Jukes, seremala wa Bwana Pruitt, kupima. Mpe chai. Usimsimulie habari za Malkia Elizabeth. Huyo anajua miti kuliko wewe unavyojua alfabeti zako zote mbili.

L. T.

*

Ashlow
30 Aprili 1926

Kwako Shangazi,

Natumaini Mjomba Gerald sasa anavaa vyote viwili. Hapa kondoo wamezaa, Bi Tudge hapandi tena ngazi kwa makalio kwani amehamia chumba cha chini, na Babu anakusalimu.

Fundi Jukes alikuja, akakaa siku tatu. Ni mtu mfupi mwenye kofia asiyoivua hata mezani. Alipiga kila nguzo kwa ngumi akisikiliza kama daktari. Darini, chini ya makombamoyo, aliniita nishike taa, akanionyesha alama zilizochanjwa kwa patasi kwenye kila kiungo: mistari miwili hapa na miwili kule, mitatu hapa na mitatu kule. "Waona, bibi mdogo? Hii nyumba haikujengwa hapa. Ilikatwa uani kwa fundi, ikajaribiwa chini, ikatiwa alama, ikafunguliwa, ikaletwa kwa mkokoteni. Kila ulimi unajua tundu lake." Nikamwambia basi ilipofika ilikaa. Akacheka mpaka akakohoa.

Lakini kisha alitaka kupasua ile saruji ya nje, pale chini nguzo zinapokalia boriti ya msingi. Nilimuuliza Babu. Babu amekataa. Amesema hakuna mtu wa kumvua nguo mwanamke mzee barabarani.

Pia naomba umuulize Bwana Pruitt swali langu mwenyewe. Kuta za vyumba vya juu ni fito na udongo uliochanganywa na majani na mavi ya ng'ombe. Kwenye chumba changu, nyuma ya kabati, chokaa imebanduka, na udongo una alama za vidole vya watu walioukandika. Vidole vyangu vinaingia humo sawasawa, kasoro kidole gumba. Je, udongo nao utapanda meli? Fundi Jukes amesema hapana. Amesema udongo unamwagwa shimoni, wanabeba mti tu.

Angharad

Alichosema Babu hasa: Kuhusu saruji alisema, "Mwache apasue. Mwache aone. Mimi sina tena wa kumwonea haya." Kisha akalia, kwa jicho moja, lile ambalo kiharusi hakikuligusa. Nilimfuta. Nikashuka ngazi, nikamwambia Fundi Jukes, "Babu amekataa," na lile lilikuwa neno refu kuliko yote niliyowahi kumwambia mgeni bila kuona haya.

*

Cheltenham
1 Juni 1926

Angharad,

Barua yako ilikaa njiani kwa sababu ya ule mgomo wa wafanyakazi wa Mei. Treni zililala, wanafunzi wa chuo wakaendesha mabasi, na wawili wakaligongesha lao kwenye duka la mchinja nyama. Sisi ni wazima. Gerald alijitolea kuwa askari wa muda, wakampa firimbi. Arusi ya Rosamund ni Septemba.

Jukes amenipigia simu. Anasema ulimsimamia mlangoni na mwiko wa jikoni mkononi. Mwiko! Unajiona nani, mlinzi wa lango la ngome? Nyumba si yako. Ilikuwa iwe ya kaka yangu, baba yako, naye amelala Ufaransa chini ya msalaba wa mbao, na wewe ulikuja kwetu na sanduku moja na kitabu cha nyimbo za kanisani ambazo hakuna mtu anaweza kuzitamka. Tulikupokea. Hatukusema neno.

Sasa nasema. Baba yangu hamfananishi mwanamke mzee na ukuta. Naona mkono wako katika kila mstari. Umekaa kati yangu na Baba kama mlango uliofungwa kwa ndani, na ufunguo unao wewe, na unacheka.

Udongo. Mtoto, mtu anakuuliza juu ya kuokoa nyumba na wewe unauliza juu ya mavi ya ng'ombe.

L. T.

*

Ashlow
12 Juni 1926

Kwako Shangazi,

Salamu. Sisi ni wazima. Hongera kwa firimbi.

Sanduku lile lilikuwa la mama yangu. Hakuwa na mengi kwa sababu alipoolewa alifikiri anakuja kuishi, si kuonyesha nguo. Homa ile ya mwaka wa kumi na nane ilimchukua akiwa kwao, na hakuna hata mmoja wenu aliyevuka mpaka kuja kumzika, ni maili arobaini tu. Hamkusema neno, kweli. Hata la pole.

Wewe umesema nyumba si yangu. Lakini mimi nalala ndani yake. Wewe hujalala hapa usiku mmoja tangu arusi yako. Ukija, unakaa sebuleni na kofia kichwani, hupandi hata ngazi moja, unakunywa chai kama mtu anayesubiri treni. Watu wa namna hiyo wanaweza kuuza hata kitanda walichozaliwa, na godoro wakatupa kama nyongeza.

Babu amesema jibu lake halijabadilika, na amechoka kuulizwa.

A. Corfield

Alichosema Babu hasa: Sikumsomea barua yako yote. Nilimuuliza tu, "Kwa nini Shangazi anaichukia nyumba?" Akasema, "Lettice? Haichukii. Muulize habari za arusi yake." Sikukuuliza. Nilitaka uwe mtu anayechukia, kwa kuwa mtu anayechukia ni rahisi kumdanganya.

*

Hapa, Shangazi, hakuna barua. Juni yote iliyobaki, Julai, Agosti, Septemba, hukuandika, nami sikuandika. Arusi ya Rosamund niliisoma gazetini. Kwa hiyo nitaandika hapa kile ambacho ningekuwa nimekuambia kama tungekuwa watu wanaoambiana.

Agosti ilinyesha siku kumi na tisa. Mwanzoni mwa Septemba mlango wa ukumbi ulikataa kufunguka. Bi Tudge aliusukuma kwa bega, akasema, "Ni mvua, mti umevimba." Siku iliyofuata dirisha la pembe ya mashariki lilipasuka lenyewe, hakuna aliyeligusa, na ile ghorofa ya juu inayochomoza mbele ya ukuta wa chini ilikuwa imeinamisha kichwa kama mtu anayesinzia kanisani. Nilienda nje na sindano ya kufumia ya Bi Tudge. Nje nguzo ya pembeni inang'aa, nyeusi ya lami, ngumu kama chuma. Nilitafuta ufa kati ya lami na saruji, nikachomeka sindano. Iliingia yote. Haikunigomea hata kidogo, kama unapochoma keki kuangalia kama imeiva. Nikaivuta, ikatoka na maji ya kahawia.

Nilimwambia Babu. Akasema, "Ndiyo hiyo miguu." Akanifundisha palepale, pole pole, kwa lugha ya yaya wake, lugha ambayo haina maneno ya useremala, hivyo alisema "kifundo" na "goti" na "ngozi". Udongo unapumua. Mvua inaingia, upepo unaitoa. Ukiuondoa udongo ukaziba kwa saruji, na mti ukaupaka lami, maji yanayoingia kwenye ufa hayana pa kutokea. Yanashuka, yanakaa miguuni. Nyumba inaoza kuanzia chini huku uso ukipendeza kila mwaka zaidi.

Nikamuuliza, "Nani aliweka saruji?"

Akasema, "Mimi."

Akasema tena, "Mwambie Lettice waibebe. Mafundi watakata miguu iliyooza, wataunga mialoni mipya. Hapa itafia mikononi mwangu. Iliwahi kusafiri, inajua njia."

Nilikuwa na kalamu. Nilikuwa na stempu. Sikuandika. Ningesema nini? Kwamba miezi sita nilikuwa naua kitu nikidhani nakikumbatia?

*

Cheltenham
4 Oktoba 1926

Angharad,

Rosamund ameolewa. Kulikuwa na mvua. Kiti chako kilikaa kitupu, nilikiweka makusudi.

Bwana Pruitt amechoka. Ameonyeshwa nyumba nyingine ya mialoni upande wa Cheshire, na atanunua moja kati ya hizo mbili. Anataka jibu kwa telegramu kabla ya Jumamosi ya tarehe 13 Novemba. Baada ya hapo nyumba ya Ashlow haitatakiwa na mtu yeyote ila panya.

Nimempata mtu. Mchungaji Idwal Pryce, anahubiri hapa kwa Wawelisi wachache wa mjini. Tarehe 21 nitamleta, amuulize Baba mwenyewe, kwa lugha yake, wewe ukiwa umefunga mdomo, jambo ambalo nasikia unaliweza ukitaka. Kama nimekusingizia, nitakuomba radhi mbele ya Bi Tudge. Kama umenidanganya, sitaki kukuona tena mezani kwangu maisha yangu yote.

L. T.

*

Ashlow
9 Oktoba 1926

Kwako Shangazi,

Hongera kwa arusi. Sikuja kwa sababu sikualikwa; labda kadi ililala njiani na treni. Babu amepungua. Bi Tudge anasema keki ya mbegu itakuwepo.

Mlete.

Angharad

Alichosema Babu hasa: Hakusema kitu. Sikumwambia kwamba mnakuja.

*

Siku yenyewe ulikuwa chini, ukumbini, na kofia yako, kwa hiyo hukuona. Mchungaji Pryce alipanda nyuma yangu akipumua kwa nguvu. Ni mtu mnene, mpole, na alipomsalimia Babu kwa Kiwelisi uso wa Babu ulifunguka kama dirisha. Miezi kumi hakuwa amesikia sauti ya mtu mzima katika lugha ile. Walianza na habari za hali ya hewa, wakaenda kwenye habari za kondoo, na mimi nimesimama karibu na kabati.

Kisha mchungaji akasema, "Bwana Corfield, binti yako ana shaka. Mtoto huyu aliandika kwamba unakataa kuiuza nyumba. Je, ni wewe uliyesema hivyo, au ni yeye?"

Babu alinitazama. Nilitingisha kichwa kukubali, yaani sema, sema kweli, yaishe. Nakuapia nilitingisha.

Akasema, "Mtoto ameandika nilivyosema. Kila neno."

"Hata lile la kupanda mialoni?"

"Hilo hasa," akasema Babu. "Hilo nililipenda."

Mchungaji akacheka, akafunga kitabu chake, akashuka kukuambia. Nilikusikia kutoka juu. Ulisema, "Basi nipeni koti langu."

*

Cheltenham
30 Oktoba 1926

Angharad,

Sisi hatujambo, na sina habari nyingine za nyumbani leo.

Nilisema nitakuomba radhi mbele ya Bi Tudge na sikuomba. Naomba sasa. Mchungaji Pryce ni mtu mkweli na Baba amesema mwenyewe. Nilikusingizia kwa miezi minane. Umeshinda. Shinda vizuri, basi, usiniandikie ukinicheka.

Kwa kuwa sasa haina faida, nitakuambia. Mwaka 1899 wazazi wa Gerald walikuja Ashlow mara ya kwanza, kuniona. Wakati ule nyumba ilikuwa na rangi ya udongo na mti uliopauka, imepindapinda, kuku wakilala chini ya ile ghorofa inayochomoza. Mama mkwe wangu alishuka garini, akatazama juu, akasema, "Na nyumba yenyewe iko nyuma ya zizi hili?" Watu walicheka. Nilikimbilia chumbani, nikamwambia Baba sitaolewa kutoka kwenye zizi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, tena mpumbavu. Ndani ya wiki sita aling'oa udongo wote wa nje, akaweka saruji ya kisasa, akapaka nyeupe, akaitia mialoni lami nyeusi tii, kama kwenye picha za makopo ya biskuti. Siku ya arusi kila mtu aliisifu. Mama mkwe alisema, "Kumbe ni ya kale kweli!"

Baada ya miaka kumi nilipanda ngazi nikakanyaga ubao wa juu, ukazama kidogo chini ya mguu wangu. Kidogo tu. Nilijua. Sijapanda tena.

Jukes aliniambia mwezi wa Aprili, kwa kusikiliza ngumi zake tu, kwamba miguu ya nguzo imekwisha na majira matatu ya baridi yatatosha kuiangusha nyumba. Hapa hakuna mtu wa kuiunga. Pruitt anao mafundi kumi na wanne. Sikutaka kuiuza, Angharad. Nilitaka isimame mahali, hata kama ni kwa wageni, hata kama sitaiona.

Nitakuja Alhamisi tarehe 11 kumchukua Baba akae nasi majira ya baridi. Jiandae nawe; chumba cha Rosamund kiko wazi. Ijumaa asubuhi nitampelekea Pruitt telegramu kwamba Baba amekataa.

Lettice

*

Ndizo zote. Sasa ni Alhamisi, na nimeandika tangu kifungua kinywa. Babu amevaa koti tayari na kofia iko magotini mwake. Anataka kujua naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia, kweli.

Wiki ile mchungaji alipoondoka nilimuuliza kwa nini alinidanganyia. Nilimfokea, Shangazi. Mimi. Nilimwambia, "Nyumba itaanguka, na sasa umenifunga mdomo, kwa sababu nikisema kweli nitakufanya wewe mwongo mbele ya mchungaji!" Alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema: "Mara ya kwanza niliiharibu ili binti yangu asilie. Nimeshazoea. Mjukuu je, alie kwa nini?"

Nilikasirika siku nne nzima, sikumletea hata yai. Alidhani ananipa zawadi. Kumbe ndivyo Ashlow inavyouawa, na mtu wa kila kizazi akimfichia mwenzake aibu, na mvua ikishuka nyuma ya rangi nyeupe. Wewe ulificha ubao uliozama, yeye akaficha miguu. Mimi nimewapita nyote wawili, na nina miaka kumi na mitano tu.

Kwa hiyo, kwa mkono wangu na akili zangu timamu: Babu anasema iuzwe. Alisema hivyo tarehe 9 Machi, na Aprili akasema ipasuliwe, na Septemba akasema waibebe. Bado kuna kesho asubuhi kabla ofisi ya telegramu haijafunguliwa. Mpigie wakili. Mwite tena Mchungaji Pryce, safari hii nitakuwa nimemwambia Babu kwamba silii. Udongo wamwage. Nimeshautazama vya kutosha. Kama hutaki kuniona mezani kwako, ulikwisha sema, nami nitaenda kwa bibi yangu milimani, sanduku langu bado ni lile lile moja, lakini kwanza uta

Gari limeingia. Nasikia Bi Tudge akisukuma mlango wa ukumbi, unakwaruza, unagoma, sasa umefunguka. Sauti yako. "Yuko wapi mtoto?" Bi Tudge anasema, "Juu, mama, kwa bwana mkubwa. Nimwite?"

Viatu vyako vinavuka ukumbi.

Unapanda. Ni wewe, si Bi Tudge, Bi Tudge hapandi. Unakanyaga ukingoni, karibu na ukuta, mkono mmoja nausikia ukiparuza ubao. Ngazi ya nne. Ya tano. Babu amegeuza kichwa, amesikia nani.

Karatasi hizi zote nazisukuma chini ya blanketi, magotini mwa Babu, chini ya kofia yake. Nikiziacha mezani nitakupa uzisome, nami nitakimbilia jikoni nikajifiche nyuma ya Bi Tudge mpaka umalize. Najijua. Hazitakuwepo. Utaingia utanikuta nimesimama, na mikono mitupu, na itabidi nianze kuse